Nusu Ukurasa wa Ngome ya Majivu

Jumatatu, 3 Machi

Gemu imefika. Kifurushi kidogo, barua ndefu. Inaitwa Ngome ya Majivu. Shujaa anakuta mji umeteketea, zimebaki nyumba sita na mnara wa kengele. Anatoka na upanga kupigana na madude ya msituni, anarudi na mbao na mawe, anajenga nyumba moja moja hadi wenyeji wote warudi. Mwishoni linakuja joka. Barua inasema ni saa arobaini za kucheza. Arobaini! Kazi ya kuhakiki gemu niliichagua nikidhani ni ya kukaa.

Mhariri kaniita ofisini kwake. Akafunga mlango, dalili mbaya. Mkononi ana barua za wasomaji kuhusu uhakiki wangu wa mwezi uliopita, ule wa gemu ya mbio za magari, ambamo niliyasifu sana mashindano ya jangwani. Kumbe ndani ya gemu hakuna jangwa. Jangwa lipo kwenye picha ya kasha. Nikamweleza kwamba kasha nalo ni sehemu ya kazi. Hakucheka. Akakata kauli: safari hii nimpelekee picha ya mji uliokamilika, lango na yote, joka likiwa limekufa. Mwisho Jumatano ijayo, saa sita mchana. Bila picha, nusu ukurasa wangu anapewa Mraba.

Mraba ni mtunga chemshabongo wetu. Meza yake imegusana na yangu. Ana penseli saba na zote zimechongwa. Miaka mitatu anaumezea mate nusu ukurasa wangu ili chemshabongo yake iwe ya ukurasa mzima. Nilipotoka akaniuliza kama kuna habari njema. Nikamwambia zipo tele. Akachonga penseli ya nane.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza. Picha nzuri, moshi unapaa kama moshi kweli. Shujaa wangu nimempa mabega mapana. Nimetoka nje ya mji kwa madaha. Nguruwe wa moshi kanigonga. Nimekufa.

Ukifa unarudishwa kwenye lango bovu la mji, na mzee wa mji anakwambia, "Karibu tena, shujaa!" Kwa furaha. Nimekaribishwa mara kumi na tisa. Mara ya kumi na tisa nilitamani kumpiga mzee upanga, lakini gemu hairuhusu. Hilo nimeliandika kama kasoro.

Mke wangu karudi kutoka duka la dawa, ambako yeye ndiye mfamasia, akasimama mlangoni mwa sebule akiangalia kifo cha ishirini. Akaenda kuoga. Nilipoingia jikoni baadaye kutafuta chai akasema, "Karibu tena, shujaa."

Jumatano, 5 Machi

Mbinu mpya! Kwa nini nicheze, wakati mtandaoni wamejaa watu wanaojirekodi wakicheza? Nikatafuta asubuhi nzima. Hakuna hata mmoja. Gemu haijatoka madukani, sisi wahakiki tu ndio tunayo. Yaani mtu ninayepaswa kumnakili ni mimi.

Nikaiweka kwenye kiwango cha chini kabisa, kinaitwa Hali ya Amani. Nguruwe kaniua kwa amani.

Alasiri akaja mama mkwe. Mguu uko kwenye plasta. Kabla ya kustaafu alikuwa mkaguzi wa majengo wa manispaa, miaka thelathini na mmoja. Wiki iliyopita alimwambia jirani yake kwamba ngazi yake haifai. Jirani akabisha. Mama akapanda ili amwonyeshe. Akamwonyesha.

Atakaa nasi hadi plasta itolewe. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba baba, akalazwa kwenye kochi refu. Kochi refu ndilo linalotazama televisheni. Nikaenda kuvua kaptula na kuvaa suruali. Sikuwaza zaidi ya hapo, na ndilo kosa langu.

Alhamisi, 6 Machi

Siku sita zimebaki na sina hata jiwe. Nikapiga moyo konde. Nikamwambia mama mkwe kwamba hii ni kazi ya ofisi, samahani kwa kelele. Akasema kazi ni kazi, akavaa miwani.

Nimekufa mbele yake mara tatu. Mara ya tatu akacheka, nikamwandikia mke wangu kazini kumwambia. Mara ya nne, shujaa akiwa amesimama langoni akikaribishwa, mama akaniuliza ni nani aliyepitisha nyumba ya mwoka mikate. Nikamwambia sijakuelewa, mama. Akanyoosha mkongojo kuelekea kwenye skrini: dohani lile la mwoka mikate limegusa paa la nyasi la jirani. Nani kapitisha? Nikasema imejengwa na gemu yenyewe. Akauliza kama gemu ina leseni.

Akaomba ashike rimoti kidogo tu, aone nyuma ya nyumba pakoje. Nikampa kwa mikono miwili, kama inavyopasa.

Hiyo ilikuwa saa nne asubuhi. Hadi saa kumi alikuwa bado yuko nyuma ya nyumba. Mkwe anaweza kumwambia mama mkwe mambo mengi, lakini "nipe hiyo" halimo. Nikakohoa. Akanishauri ninywe maji ya moto. Nikamwandikia mke wangu ujumbe amwombe mama yake kwa niaba yangu. Akajibu kwamba ana foleni ya wagonjwa hadi mlangoni, na akauliza kama ni kweli nilichomwambia asubuhi, kwamba mama kacheka. Nikajibu ndiyo, alicheka nilipokufa. Akasema hajamsikia akicheka tangu astaafu, basi nisiiguse hiyo rimoti.

Halafu nikiwa natengeneza chai ikanijia, nusura nimwage birika. Kwa nini nimnyang'anye? Ajenge! Mama ajenge mji, mimi niandike, picha ni picha. Hakuna mahali Mhariri aliposema vidole viwe vya nani. Nimempelekea chai na nimemwongezea mto wa mgongo. Akili ninazo, basi tu hazitambuliwi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeshinda jikoni nikiandika. Maneno mia sita! "Nilisimama mbele ya joka, upanga mkononi, jasho likinitoka." Nilijisisimua mwenyewe.

Saa tisa nikaenda sebuleni kuangalia mji umefikia wapi.

Hakuna mji. Zilikuwepo nyumba sita zilizokuja na gemu. Zote chini! Wenyeji wamesimama uwanjani na mafurushi yao kichwani. Nikauliza, kwa heshima zote, kumetokea nini. Joka? Mama akasema hapana, ni yeye. Alizikagua. Hazina msingi. Kabomoa.

Kilichobaki ni mnara wa kengele tu, kwa sababu kuubomoa kunahitaji nyundo kubwa ambayo bado hajaipata. Kauzungushia vibendera vyekundu, na kwenye daftari lake, maana sasa ana daftari, kauandikia: haufai, ubomolewe. Mwenyeji yeyote akiusogelea anamrudisha.

Nikamwambia kazi nzuri, mama. Nikaenda bafuni, nikafungua bomba hadi mwisho ili lifanye kelele, nikasema niliyokuwa nayo moyoni.

Jumamosi, 8 Machi

Tumaini! Ili ajenge misingi anahitaji mawe. Mawe yako ng'ambo ya nguruwe. Hesabu yangu ilikuwa hii: atagongwa mara tano, atachoka, ataomba alale, rimoti itabaki kochini yenyewe, bila mtu kumwambia mtu "nipe". Nikavuta kiti nikakaa. Niliona haya kidogo kufurahi namna ile.

Mama hakutoka mjini. Alimsimamisha shujaa langoni, akamtazama nguruwe kwa muda wa vikombe viwili vya chai. Nikauliza kama kuna tatizo. Akasema mnyama huyu anakwenda mstari ulionyooka tu, hakati kona. Halafu akachimba mtaro. Mtaro wa maji ya mvua, mrefu, mbele ya lango, ambao kwa maelezo yake mji uliuhitaji hata hivyo. Nguruwe akaja mbio. Akaingia mtaroni. Wa pili akaingia. Hadi saa nane kulikuwa na nguruwe kumi na wawili mtaroni na mawe yote ya ng'ambo yalikuwa yetu. Upanga haujatolewa alani hata mara moja.

Akaniuliza, kwa upole kabisa, kwa nini mimi nilikuwa nikipigana nao.

Jumapili, 9 Machi

Anajenga. Polepole! Anachimba msingi, anausubiri, anaukagua, anauandika daftarini, ndipo ukuta. Kwa mwendo huu lango litakamilika nikiwa na mvi. Lazima niishike rimoti nikimbize mambo.

Mbinu: alipojikokota kwenda msalani nikatoa betri za rimoti nikazitia mfukoni. Ikifa, atasema imeharibika, mimi nitaichukua "kuitengeneza", nitaondoka nayo chumbani pamoja na mashine, kila mtu na heshima yake.

Akarudi, akabonyeza, akamwita binti yake. Mke wangu hata hakuuliza. Akapanda kwenye stuli, akashusha saa ya ukutani, akatoa betri zake, akazitia kwenye rimoti. Dakika moja. Mama akaendelea na paa la mhunzi.

Betri zangu ziko mfukoni hadi sasa. Nikizirudisha kwenye saa itabidi nieleze zilikotoka.

Jumatatu, 10 Machi

Nimechelewa kazini kwa sababu saa ya sebuleni ilikuwa inasema saa kumi ya jana. Mraba alikuwa ameshamwambia Mhariri niliingia saa ngapi, pamoja na dakika. Akanisogezea kikaratasi: herufi sita, mtu asiye na ukurasa. Nimejaribu "fukara". Inaingia. Siku yangu imeharibika.

Nyumbani nimekuta nyumba ishirini na mbili. Mwoka mikate yuko upande wake na dohani lake, peke yake, na wenyeji hawamsongi. Kisima kiko juu, vyoo viko chini. Barabara ni pana mno, nikauliza kwa nini. Ili gari la zimamoto lipite, akasema. Nikamwambia kwenye gemu hii hakuna gari la zimamoto, ni enzi za mapanga. Akasema siku likija lisikwame.

Kisha akatazama ile saa ya ukutani iliyosimama. Sikuwa najua, kumbe ndiyo aliyopewa siku ya kuagwa kazini. Miaka thelathini na mmoja, akasema, wakachukua kofia ngumu, wakatoa saa. Akatuletea sisi kwa sababu hakupenda kuisikia ikigonga. Tangu hapo hakuna mtu aliyemuuliza neno, hata la bawaba ya mlango. Hata jirani wa ngazi hakumuuliza, mama mwenyewe ndiye aliyejitolea.

Betri zilikuwa mfukoni mwangu, zinanichoma pajani. Nilijisikia vibaya. Nilimwongezea sukari kwenye chai, aibu ikapungua kidogo.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya mwisho na hakuna joka. Nimeomba ruhusa kazini, nimesema naumwa. Saa saba mama akaweka jiwe la mwisho langoni. Muziki ukabadilika. Likaja!

Kubwa, jeusi, moshi puani. Nikasimama. Mke wangu, aliyekuja nyumbani kula, akasimama na kijiko. Nilipiga kelele mama upanga, upanga, bonyeza cha kulia! Ni mara yangu ya kwanza kumpigia mama mkwe kelele na natumaini hakusikia.

Yeye aliwatoa wenyeji kwanza. Barabara zile pana! Watu wote wakapita kwa dakika moja, mwoka mikate na mhunzi na mzee wa "karibu tena", hakuna aliyekanyagwa. Joka likatua juu ya jengo refu kuliko yote. Mnara wa kengele. Wenye vibendera vyekundu.

Mama akafungua daftari, akatafuta ukurasa kwa kidole, akasoma tarehe. Ule mnara, akasema, nyundo kubwa niliipata jana, nilipanga niubomoe leo. Akaubomoa.

Vumbi likatanda muda mrefu. Lilipotulia joka lilikuwa chini ya kengele, na maandishi ya dhahabu yakisema mji umeokolewa. Mke wangu alilia. Mimi nilikuwa nimekumbatia pazia. Mama akaandika alama ya vema daftarini na akaomba chai.

Lango lina kibao ambacho mchezaji anaandika maneno yake. Nilitaka liwekwe jina langu, lakini hilo nalo halisemeki mbele ya mkwe, kwa hiyo nikamtuma mke wangu. Wakanong'ona. Mke wangu akarudi akisema mama kasema sawa, nitatajwa, yeye kila hati aliyoitia saini aliandika nani kafanya kazi gani. Nikashukuru sana. Picha nimeipiga kwa simu, kwa mbali kidogo ili mji wote uenee. Kibao kimeonekana kidogo kama punje, hata sikukisoma. Inatosha.

Jumatano, 12 Machi

Saa tano na nusu! Nusu saa kabla! Nimebadilisha sehemu ya joka. Sasa inasomeka: "Wahakiki wengine watakimbilia upanga. Mimi niliubomoa mnara." Nimeeleza na mtaro, kwamba ulinijia nikitafakari. Nimeipa gemu alama nane juu ya kumi, mbili nimezikata kwa sababu ya yule mzee.

Mhariri kasoma akiwa amesimama. Akaketi. Akasoma tena. Akasema hajawahi kuona mtu akicheza hivi, na kwamba huenda alinihukumu mapema. Niliondoka ofisini kwake nikiwa na kichwa kikubwa kiasi cha kugonga mlango.

Mraba aliomba aione picha. Akaitoa kwenye simu, akaiweka kwenye kompyuta yake, akaisogelea kwa miwani, muda mrefu. Nilimtazama akishindwa, tone kwa tone. Mwishowe akainuka, akanipa mkono, akaenda mwenyewe kwa Mhariri kusema picha hii ni nzuri mno kuchapwa ndogo. Katoa mistari minne ya chemshabongo yake ili iwe kubwa. Mraba! Nilimwonea huruma. Nimemnunulia penseli.

Ijumaa, 14 Machi

Gazeti limetoka. Picha imechukua theluthi mbili ya nafasi yangu na kipande cha nafasi ya Mraba. Kila tofali linaonekana. Kibao cha langoni kinasomeka hata ukiliweka gazeti mezani ukasimama mlangoni:

MJI HUU UMEJENGWA NA KUKAGULIWA NA MAMA MKWE. MKWE ALILETA CHAI.

Chini yake, kwa herufi nene, jina langu na maneno "niliubomoa mnara".

Ofisi nzima ilikuwa inajiuma midomo isicheke. Mpokezi kanikaribisha na kikombe kitupu. Mraba hakuinua kichwa. Alikuwa akitumia penseli niliyomnunulia.

Niliona aibu hadi masikioni. Nilikaa chooni robo saa. Sijui mtu anafanya nini baada ya kitu kama hiki. Nikanawa uso nikatoka.

Nyumbani mama kaniuliza kama ofisini wamelipenda gazeti. Nikasema sana, mama. Akasema alihakikisha nimetajwa.

Jumatatu, 17 Machi

Barua hamsini na tatu. Hakuna hata moja inayoniuliza mimi chochote. Wanataka kujua Mama Mkwe anasemaje kuhusu gemu ya bandari, ya reli, kuhusu ngazi zao za nyumbani. Mmoja katuma picha ya ukuta wake.

Mhariri akafunga mlango. Akasema amempigia mama simu tangu asubuhi, wameelewana. Nusu ukurasa ni wa mama kuanzia wiki hii, jina la safu ni Mkaguzi. Mraba hakupata kitu, na ile mistari minne hairudishwi! Hiyo ndiyo dakika pekee ya siku niliyoifurahia.

Mimi sijafukuzwa. Nimepewa kisanduku cha maneno mia moja pembeni, vidokezo vya bustani. Na kwa kuwa nakaa naye nyumba moja, ndiye nitakayempelekea Mhariri makala za mama kila Jumatano.

Nilipofika nyumbani saa ya ukutani ilikuwa inagonga. Mke wangu alikuta betri akifua suruali yangu. Alizirudisha kwenye saa. Alisema, "Karibu tena, shujaa," na mama akacheka kwa sauti kochini, plasta juu ya mto, daftari mapajani, kalamu sikioni. Nikacheka na mimi. Nilikuwa namaanisha, kwa kiasi chake.

Kuhusu bustani: sijawahi kupanda hata kitunguu. Lakini baba mdogo wa mke wangu alikuwa bwana shamba miaka ishirini na minane, na nasikia siku hizi goti linamsumbua. Nimemwambia mke wangu tumwalike aje apumzike. Wiki moja tu. Kiti cha dirishani nimeshakifuta vumbi, na nimeacha mfuko wa udongo pale pale ambapo hawezi kukosa kuuona.